Breki ya mbele, mzigo wa nyuma: Shule inayokosekana kwenye siteji za Jinja na Mbale

Jina lenyewe lilizaliwa mpakani. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia walibeba watu na vifurushi kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, ambalo midomoni mwao likawa boda boda. Baiskeli zimebaki chache. Pikipiki imechukua nafasi yake, na kutoka Busia na Malaba imeenea hadi kila kijiji cha Afrika Mashariki, lakini kazi ni ileile: kumvusha mtu na mali yake mahali ambapo gari ni ghali au halifiki.

Mfanyabiashara wa mashariki mwa Uganda anaijua kazi hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Dagaa wa Masese, ambao Jinja huitwa mukene na ng'ambo ya Busia huitwa omena, hutoka mwaloni kwa pikipiki hadi soko kuu. Kabichi, vitunguu na kahawa za miteremko ya Mlima Elgon hushuka Mbale kwa pikipiki kabla ya kupanda lori. Anayepitia Lwakhakha kwenda Bungoma, au anayerudi na nguo kutoka Kenya, mara nyingi hulipia pikipiki kipande cha kwanza au cha mwisho cha safari. Kwa hiyo ajali ya bodaboda ni habari ya biashara kama ilivyo habari ya polisi.

Na ajali ni nyingi. Ripoti za kila mwaka za Polisi ya Uganda zinaonyesha kuwa watu 4,806 walikufa barabarani mwaka 2023, na mwaka 2024 wakawa 5,144. Hiyo ni wastani wa watu 14 kila siku, na waendesha pikipiki pamoja na abiria wao ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Waliobaki hai nao wana gharama yake. Utafiti wa madaktari wa Mulago uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kuwa majeruhi wa bodaboda walikuwa wakimeza asilimia 62.5 ya bajeti ya idara ya upasuaji ya hospitali hiyo. Jinja na Mbale zina hospitali za rufaa za mkoa, lakini aliyeumia kichwa vibaya mara nyingi bado huishia kupelekwa Kampala, na kutoka Mbale hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Mbale ina hospitali ya CURE inayojulikana duniani kwa upasuaji wa ubongo, ila hiyo ni ya watoto. Mwendeshaji wa miaka 25 hana kitanda pale.

Kila ajali inapotokea tunasikia maneno mawili: mwendo kasi na uzembe. Si uongo, lakini maneno hayo yanaficha jambo la tatu ambalo halitajwi sana, nalo ni kwamba wengi wa vijana hawa hawajawahi kufundishwa na mtu yeyote. Mtu hununua au hukodi pikipiki, rafiki humwonyesha gia, klachi na breki kwenye uwanja wa mpira kwa siku mbili tatu, na wiki inayofuata yuko barabarani na abiria mgongoni. Leseni ya daraja A inatakiwa na sheria. Kinachotakiwa na siteji ni mtu ajue njia za mkato na awe na pesa ya tajiri jioni.

Hili si tatizo la Waganda peke yao. Mwaka 1981 mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California alitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki zilizochunguzwa moja moja katika eneo la Los Angeles. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifundisha wenyewe au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Ripoti hiyo ilionyesha pia kitu ambacho kila mwendeshaji wa Jinja anapaswa kukisikia: tangu hatari ionekane hadi mgongano, mtu huwa na muda usiofika sekunde mbili. Ndani ya muda huo wengi walikandamiza breki ya nyuma mpaka tairi likaserereka, wakaigusa ya mbele kidogo tu au wasiiguse kabisa, na karibu hakuna aliyejua kuukwepesha mtambo. Mikono na miguu ilifanya ilichozoea.

Breki inayoogopwa

Ukikaa kwenye siteji yoyote kati ya Jinja na Mbale utasikia kuwa breki ya mbele inaua. Imani hiyo ina chanzo chake. Mtu anayeikamata ghafla, gurudumu likiwa limekatwa kona au likiwa juu ya changarawe, huanguka kabla hajajua kilichotokea. Akishaanguka mara moja haigusi tena, na anamfundisha mdogo wake vivyo hivyo.

Lakini pikipiki inapopunguza mwendo uzito wake huhamia mbele. Tairi la mbele hukandamizwa barabarani na la nyuma huwa jepesi. Kwa hiyo kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, na anayetegemea ya nyuma peke yake anatumia sehemu ndogo ya uwezo wa kusimama alionao. Chukua mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ambao kwenye barabara ya Tirinyi wengi huuita wa kawaida. Kila sekunde unakwenda karibu mita 17. Sekunde ya kwanza inaisha unashtuka tu. Baada ya hapo, kwa makadirio ya hesabu za shule, breki zote mbili zikitumika vizuri zinahitaji mita kama 28 kukusimamisha; ya nyuma peke yake inahitaji kama 46. Jumla ni mita 45 kwa mmoja na 63 kwa mwingine. Tofauti ni karibu urefu wa trela zima lililosimama foleni Malaba. Kwa mwendo wa kilomita 40, anayetumia breki zote mbili anasimama ndani ya mita 23 au 24. Ndiyo maana mafunzo mazuri huanza na kupunguza mwendo kabla ya ujanja wowote.

Ustadi wenyewe hauna siri. Breki ya mbele hubanwa kwa vidole polepole halafu kwa nguvu inayoongezeka, kama mtu anayekamua chungwa, wala haikamatwi kwa mshtuko. Pikipiki iwe imenyooka. Macho yaangalie mbali, si kwenye gurudumu. Kwenye murramu au lami yenye mchanga mguu wa nyuma hufanya kazi zaidi na mkono wa mbele unakuwa mpole. Dakika za kwanza za mvua, wakati vumbi na mafuta yaliyodondoka vinageuka utelezi, kila umbali uongezwe. Mambo haya husemwa kwa dakika tano, lakini mwili unahitaji marudio mengi mpaka mkono uyafanye bila kuulizwa. Hapo ndipo shule inapotofautiana na mawaidha ya askari kituoni.

Lipo somo jingine ambalo huwashangaza hata wenye miaka kumi barabarani. Pikipiki ikishapita mwendo wa kukimbia kwa miguu, haikatwi kona kama baiskeli ya mtoto. Ukitaka kwenda kushoto, unasukuma mshikio wa kushoto mbele kidogo. Pikipiki inalalia kushoto na kuelekea huko. Kila mwendeshaji hufanya hivyo bila kujua. Siku mbuzi anaporuka barabarani, asiyejua atavuta mshikio upande anaoutaka na kwenda asikokusudia. Anayejua atausukuma, atapita kando ya mbuzi, kisha atausukuma mwingine na kurudi kwenye mstari wake. Na macho yatangulie, maana pikipiki hufuata macho: anayelikazia macho shimo huingia shimoni.

Gunia linavyobadilisha chombo

Hapa wasomaji wa ukurasa huu wana sehemu yao, na si ndogo.

Gunia la kilo 100 likifungwa nyuma ya kiti, uzito wote unasogea nyuma ya ekseli na kupanda juu. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, mshikio unaanza kuchezacheza, na kona iliyokuwa rahisi inataka nafasi kubwa zaidi. Taa ya mbele inaangaza matawi ya miti badala ya barabara, na inawapofusha wanaokuja. Breki zilizotengenezwa kwa watu wawili sasa zinasimamisha uzito unaozidi huo. Pikipiki nyingi za kazi katika eneo hili zina breki za ngoma, zinazobana kutokea ndani ya gurudumu, na hizo zikipata joto hulegea.

Barabara ya kutoka Kapchorwa kupitia Sironko hadi Mbale ni mahali pazuri pa kuona matokeo yake. Mteremko ni mrefu, kona ni nyingi, na kahawa au viazi viko nyuma. Kuna waendeshaji wanaozima injini kileleni ili kuokoa mafuta na kuteremka kwa uzito wa mzigo. Mwenye kufanya hivyo ameutupa msaada mkubwa alionao mteremkoni, yaani injini yenyewe, ambayo ikiwekwa gia ya pili huzuia chombo bila kupasha breki joto. Petroli anayookoa haifiki bei ya soda. Sheria ya mteremkoni ni ya kizamani na inawahusu hata madereva wa malori: gia iteremshwe kabla ya kuanza kushuka, breki itumike kwa vipindi, na kasi ipunguzwe kabla ya kona.

Upangaji wa mzigo nao ni sehemu ya uendeshaji. Kilicho kizito kikae chini na karibu na mwendeshaji, si kwenye ncha ya kereta. Kama kuna magunia mawili madogo, yaning'inie pande zote mbili kwa uzito sawa. Kamba za mpira pekee hazitoshi kwa mzigo unaosogea, kama madumu ya mafuta ya kupikia au tenga la samaki lenye maji; zifungwe pamoja na kamba isiyovutika. Mzigo usizidi mpaka ukafunika taa ya nyuma. Abiria asiketi juu ya gunia. Sheria ya Uganda inaruhusu abiria mmoja, na gunia limeshachukua nafasi yake.

Nani huamua uzito? Mara nyingi si mwendeshaji. Ni mwenye mali, anayetaka safari moja badala ya mbili. Nimesikia mikutano mingi ya usalama barabarani ambako kijana wa bodaboda hukaripiwa kama mtoto, wakati aliyemfungia magunia matatu amekaa mstari wa mbele akipiga makofi. Tajiri wa mzigo ana sauti kuliko askari, kwa kuwa ndiye anayelipa.

Njia kuu na miwa

Kati ya Jinja na Iganga mwendeshaji anagawana lami na malori ya ukanda wa kaskazini yanayotoka au kwenda Mombasa, mabasi yenye haraka, na matrekta yanayovuta miwa kuelekea Kakira. Trekta la miwa usiku, bila taa za nyuma na mabua yakining'inia pembeni, ni ukuta mweusi unaokwenda kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Hakuna ustadi wa mikono unaomwokoa mtu aliyeliona akiwa mita 20 nyuma yake kwa kasi ya 70. Ustadi wa hapo ni wa kichwa: mwendo uwe ule unaoweza kusimama ndani ya eneo linaloangazwa na taa yako. Kama taa inafika mita 30, basi kilomita 40 kwa saa ndiyo haki yako, hata kama barabara ni tupu.

Kwa malori kuna kanuni moja ambayo watoto wa shule wanaweza kuielewa. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Usikae hapo. Pita au rudi nyuma, lakini usisindikizane na tairi. Na ujue kuwa trela likikupita kwa kasi, upepo wake hukusukuma kwanza kisha hukuvuta. Mshikio ushikwe imara bila kukaza viwiko. Kingo za lami nazo zimeliwa sehemu nyingi, kiasi kwamba kutoka lami hadi udongo ni kushuka ngazi. Anayeendesha juu kabisa ya ukingo hana pa kwenda akibanwa. Nafasi nzuri ni ile inayokuonyesha mbele na kukuachia mita moja ya kukimbilia.

Mafunzo peke yake?

Ni lazima tuwe wakweli kuhusu kinachojulikana. Mapitio ya kimataifa ya tafiti za mafunzo ya waendesha pikipiki, yaliyotolewa mwaka 2010 chini ya taasisi ya Cochrane, hayakuweza kuthibitisha ni aina gani ya mafunzo inayopunguza ajali. Tafiti zenyewe zilikuwa dhaifu. Norway iliwahi kuwafundisha madereva wapya wa magari jinsi ya kudhibiti gari kwenye utelezi, na vijana wa kiume wakapata ajali zaidi kuliko kabla. Walitoka darasani wakijiona mabingwa. Mwendeshaji anayefundishwa kulaza pikipiki kwenye kona bila kufundishwa kuiogopa kona ameuziwa hatari kwa jina la ustadi.

Kwa maoni yangu somo la Norway halisemi tuache kufundisha. Linasema tufundishe kusimama, kuona na kukadiria kabla ya kufundisha kasi, na mafunzo yaandamane na vitu vingine visivyotegemea ujasiri wa mtu. Helmeti ndiyo ya kwanza. Mapitio mengine ya Cochrane yalikuta kuwa inapunguza vifo vya waliopata ajali kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kanuni za Uganda za mwaka 2004 zinamtaka mwendeshaji na abiria wote wavae. Tazama barabara ya Mbale kwenda Tororo asubuhi yoyote uhesabu abiria waliovaa. Wanawake wengi husema helmeti ya kushirikiana ina jasho la watu wengine na inaharibu nywele, na hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mfanyabiashara anayepanda pikipiki kila siku ana dawa rahisi: anunue yake, kama anavyonunua mwavuli wake.

Mifano ya karibu ipo. SafeBoda ilianza Kampala mwaka 2014, na mmoja wa waanzilishi wake, Ricky Rapa Thomson, alikuwa mwendesha bodaboda mwenyewe. Waliwafundisha waendeshaji, wakawapa helmeti ya pili kwa ajili ya abiria, na wakagundua kuwa wapo wateja wanaomchagua mwendeshaji kwa sababu hiyo hasa. Upande wa afya, Uganda ina mtandao wa kitaifa wa kusafirisha sampuli za damu, ambao unategemea pikipiki kutoka zahanati za vijijini hadi maabara za vituo vikuu. Wapanda pikipiki hao wana ratiba, wanalipwa bila kujali idadi ya safari, na chombo chao kina utaratibu wa matengenezo. Tofauti yao na kijana wa siteji ni kwamba haraka haiwaongezei kipato.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko breki. Kijana anayedaiwa na tajiri kila jioni, au anayelipa mkopo kila wiki, hawezi kuacha asubuhi ya kazi ili akazunguke chupa za plastiki uwanjani. Mafunzo ya bure si ya bure kwake. Atakayeyaandaa inabidi ahesabu asubuhi hiyo kama gharama. Chama cha wauzaji wa Soko Kuu la Jinja au la Mbale, au ushirika wa akiba wa wasafirishaji, unaweza kukutana na siteji inayowabebea mizigo na kusema: njooni Jumapili alfajiri, tutawalipia mafuta ya siku na chai, na wale watakaomaliza ndio tutakaowapa mizigo yetu. Vifaa ni uwanja, chokaa ya kuchora mistari, chupa za kuzungukia, magunia halisi, na mwalimu mmoja anayejua. Mazoezi ya kusimama kutoka kilomita 30 na 40 kwa saa, bila mzigo kisha na mzigo, yarudiwe hadi kila mtu ayafanye mara kumi mfululizo bila tairi kuserereka. Saa moja ibaki kwa huduma ya kwanza, kwa sababu mwendeshaji mara nyingi ndiye wa kwanza kufika penye ajali, na aliyeumia shingo akibebwa vibaya anaweza kupooza akiwa mikononi mwa wema.

Kwa mnaovuka mpaka kuna la kuongeza. Bima ya lazima ya mtu wa tatu iliyokatwa Uganda haimaanishi kuwa umelindwa Bungoma au Kisumu. Chombo kinachovuka kinahitaji Kadi ya Njano ya COMESA au bima ya nchi unayoingia. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kifunguliwe rasmi mwaka 2018 kuvuka kumekuwa kwepesi, na wapo wanaosahau kwamba wepesi wa karatasi za mzigo haukugusa karatasi za pikipiki. Wanaoendelea hadi Kigali au Goma wakumbuke kuwa huko watu huendesha upande wa kulia. Ni kwenye makutano ya kwanza baada ya kupumzika, barabara ikiwa tupu, ndipo mkono hurudia kushoto ulikozoea. Na bima ya mtu wa tatu, popote ilipokatwa, haimlipi mwendeshaji mguu wake uliovunjika wala haigusi gunia lako lililomwagika barabarani. Kabla ya kufunga mzigo, muulize aliyekuja kukubebea kama ana leseni na bima, kisha mtazame anavyosimamisha pikipiki mbele yako: kama ametumia mkono, au mguu peke yake.